Jagi la Choya

Kila ninapochemsha maua ya choya kwa ajili ya juisi huwa nafungua mlango, hata mvua ikinyesha. Mvuke wake ukijaa ndani namsikia mdogo wangu akiniuliza, "Dada, kwa hiyo nisivimeze?"

Alikuja kukaa kwangu Misugusugu akiwa na mimba ya miezi mitano, ili awe karibu na kliniki. Walimpima wakamwambia damu ni ndogo, wakampa vidonge. Vilimtapisha. Mimi, mjuaji wa familia, nikamwambia aviache, choya inatosha. Mama anailima Mzenga, na kwetu hakuna asiyejua kwamba choya inaongeza damu. Ukiona tu wekundu wake, unataka ushahidi gani tena?

Alikunywa jagi zima kila siku bila kubisha. Makapi alijipaka midomoni, akasema ni lipstiki ya bure, na kweli alipendeza. Nikawatambia majirani jinsi ninavyomtunza.

Alifariki siku aliyojifungua. Damu ilimtoka nyingi, na aliyokuwa nayo ilikuwa kidogo. Tulipomaliza kumzika nilirudi nyumbani nikavikuta vidonge vyake ndani ya kopo la choya, havijapungua hata kimoja tangu nilipomwambia aviache. Mtoto analelewa na mama. Mama hajui, na kila akiniona ananishukuru kwa kumtunza mwanawe. Nachukia shukrani hizo. Bado ananiletea choya kwa viroba, nami nauza juisi barabarani.

Juzi mama mmoja mjamzito alisimama mezani kwangu.

"Dada, hii si inaongeza damu?"

"Inaburudisha tu. Vidonge vya kliniki unameza?"

"Mh, vinanichefua. Nimeviacha."

Nikamwambia arudi kliniki akawaeleze, na juisi simuuzii. Sababu sikuisema, niliona aibu. Akaniona nina maringo, akahamia meza ya jirani yangu, akamiminiwa glasi.

"Inaongeza sana, shoga," jirani akamhakikishia. "Muulize hata huyo dada, ndiye aliyenifundisha."

Ni kweli, nilimfundisha mimi, zile siku za kutamba.

Yule mama akanigeukia, glasi imebaki nusu, midomo imeshakuwa myekundu. Akasubiri.

"Nilikuwa na mdogo wangu," nikaanza.