Enesi na Kiwanda cha Alizeti

Enesi alikuja Tunduma akiwa msichana, akitokea Ibaba kule Ileje, na kwa miaka kumi na minne alichambua mbegu katika kiwanda cha mafuta ya alizeti. Kiwanda kilipofungwa, alifungua genge la nyanya na vitunguu akaendelea na maisha.

Kilichomuumiza zaidi ni mji wenyewe. Wanaume aliokuwa nao kazini walianza kunywa tangu asubuhi. Mabinti wawili wa kwaya waliacha kuimba, wakawa wanashinda na madereva wa malori yanayosubiri kuvuka kwenda Zambia. Makanisa mawili ya mtaani kwao yakawa hayasalimiani kwa kugombea waumini.

"Nilijiuliza nina nini cha kuusaidia mji huu," aliniambia. "Nikaona najua kuomba. Basi, nikaanza."

Kila Jumatano saa kumi jioni alifunga genge, akaenda kwenye geti la kiwanda. Siku ya kwanza mlinzi, Rabson, alimzuia.

"Mama Brayan, hapa pana mwenyewe. Utaniponza."

"Siingii ndani, baba. Nitasimama huku barabarani."

Akasimama. Aliomba kwa sauti ya kawaida, kama anayeongea na mtu aliye mbele yake: wenye mali wasidhulumu, waliokosa kazi wasikate tamaa, walioharibu wapate moyo wa kutengeneza. Bodaboda walimzomea wakipita. Wiki ya tano mvua ilimkuta pale, Rabson akamkaribisha kwenye kibanda chake, na siku hiyo wakaomba wawili. Mwaka ulipoisha walikuwa zaidi ya thelathini, wakiwemo watu wa yale makanisa mawili.

Jumatano moja Fanueli, aliyekuwa fundi mkuu wa kiwanda, alipaza sauti katikati ya maombi.

"Mama Brayan, subiri kwanza. Mota ya mashine ya kukamua ninayo mimi. Niliing'oa wiki ya mwisho kabla kiwanda hakijafungwa. Ipo Nanyala, kwa kaka yangu."

Watu walianza kufoka. Mmoja akataka aitwe polisi. Enesi akamshika Fanueli mkono.

"Umesema mwenyewe, hakuna aliyekukamata. Kesho tunaifuata, mimi na wewe. Halafu utamwambia mwenye nayo."

Waliifuata kweli. Mwenye kiwanda alikuwa ameshafariki, kwa hiyo waliipeleka kwa binti yake, Frida. Fanueli alieleza yote akiwa amesimama. Frida aliinama akaitazama ile mota.

"Inafanya kazi?" akauliza.

"Nipe wiki mbili, dada."

Frida hakumshtaki. Aliwaruhusu waendeshe mashine hiyo moja, wakamue alizeti za wakulima wa kata ya Ruanda, mkoani humo humo. Siku ya kuiwasha, Fanueli alimwomba Enesi abonyeze swichi. Enesi akakataa.

"Umeitengeneza wewe. Washa."

Mashine ilipounguruma, watu walipiga vigelegele hadi wenye maduka wakatoka kutazama. Fanueli aliketi chini, akalia.

Leo watu kumi na tisa wanafanya kazi pale. Sehemu kubwa ya kiwanda bado ina kufuli, na vijana wengi bado wanazurura mpakani. Binti mmoja amerudi kwenye kwaya, mwingine bado. Enesi anamtaja kwa jina kila Jumatano, na Jumamosi humpelekea mboga nyumbani kwake.