Mwiko Wenye Alama Mbili

Kwa miaka mingi hapa mtaani Rimuka, kitu kikikatika au kikilegea nyumbani, mtu hakwenda dukani kwanza. Alikwenda kwa Baba Rudo, nyumba ya tatu kutoka bombani. Jina lake ni Ticharwa Mavhunga. Alikuwa fundi wa mashine za kufuma katika kiwanda cha nguo mpaka kiwanda kilipofungwa, kisha akawa fundi viatu barazani kwake. Wengi hawakulijua jina hilo. Walimwita Itafaa, kwa sababu ndilo neno alilolisema kila alipoinama kuokota kitu njiani.

Banda lake la nyuma lilikuwa limejaa tayari nilipokuja kuolewa huku mwaka 1998. Kulikuwa na vitasa visivyo na funguo, na kopo zima la funguo zisizo na vitasa. Kulikuwa na miwani ya mguu mmoja, spoki za baiskeli, vifuniko vya kalamu, kamba za viatu vya watu waliokwisha kufa, na saa ya ukutani ambayo ndani yake aliweka misumari. Mipini peke yake ilijaza ndoo: ya visu, ya pasi, ya bisibisi, ya vitu ambavyo hata yeye hakuvikumbuka. Tulimcheka. Halafu ukaja ule mwaka wa rafu tupu, duka kubwa la mjini likawa linauza chumvi na viberiti basi, na wote tuliomcheka tukawa tunabisha mlangoni kwake. Bomba langu lilipovuja alinikatia mpira kutoka kwenye soli ya buti la mgodini. Mpaka leo halijadondosha tone.

Mkewe, Matirasa, alikuwa amelichoka banda hilo kabla yetu sote.

"Baba Rudo, siku moja utaniokota na mimi unitie kwenye kopo."

"Wewe hutoshi," mume alimjibu, bila kuinua macho kwenye kiatu.

Matirasa alifariki mwezi wa sita, mwaka juzi, kwa kisukari. Nguo zake ziligawanywa baada ya maziko kama inavyotakiwa. Lakini vyombo vya jikoni ni jambo jingine. Vyombo vya mama ni vya ukoo alikotoka, na hapa hakuna mwanamume anayecheza na hilo. Mume hapikii, watoto hawapikii, mpaka ndugu wa marehemu waje wavihesabu na kuvirudisha kwao. Mlango wa jiko ukafungwa kwa waya. Ndugu hao wanakaa Gutu, mbali. Mara walikuwa na msiba, mara wanalima, mara gari limeharibika. Miezi kumi na sita Baba Rudo alipika sadza, ugali wa huku, nyuma ya nyumba juu ya matofali matatu, kwa sufuria niliyomwazima mimi, akikoroga kwa kipande cha ubao.

Tena kulikuwa na habari ya Rudo, binti yake wa pekee, mwenye miaka thelathini na miwili. Watu wa mchumba wake walikuwa wamemtayarisha ng'ombe wa mama, sehemu ya mahari inayomheshimu mama wa binti, tangu mwezi wa nne, lakini ng'ombe huyo haingii katika nyumba ambayo vyombo vya mama bado vimekaa. Rudo hakulalamika. Aliacha tu kulitaja jambo hilo, na baba yake aliona kwamba ameacha.

"Nimechoka, Mama Ngoni," aliniambia asubuhi moja. "Waje tu. Hata wakibeba na mlango."

Walikuja Jumamosi ya pili ya mwezi wa kumi, na pikapu. Walikuwa wawili. Sekesai ni mdogo wake marehemu, mwanamke mnene mwenye sauti ya sokoni. Tavengwa ni mtoto wa kaka yao, na kwa kuwa kaka hayupo tena, yeye ndiye anayesimama mahali pake. Kwa hiyo Tavengwa, mwenye miaka thelathini na minne, ndiye baba mkwe wa Baba Rudo mwenye miaka sabini na moja. Mzee alikaa chini kwenye mkeka, akakunja viganja na kupiga makofi ya salamu, polepole, huku kijana amekaa kwenye kiti.

"Mkwe, umeamka salama?"

"Salama, baba, kama nyinyi mmeamka salama."

Sekesai hakungoja salamu ziishe. Huyo ni shemeji, na utani ni haki yake.

"Mume wangu! Mbona umekonda hivyo? Unakula kweli, au unalamba spoki?"

"Nakula, mke mdogo. Hamkuniachia wa kunipikia."

"Ungeniita nije. Lakini ungenilaza wapi, kwenye kopo la funguo?"

Watu wakacheka, hata Rudo. Mimi nilikuwa pembeni na daftari, maana ni katibu wa chama chetu cha mazishi na kazi za namna hii huniangukia. Tavengwa akakohoa ili tunyamaze.

"Kabla hatujafungua mlango, mkwe, sema mbele ya watu. Tangu shangazi aondoke, umetumia chombo chake chochote?"

"Sijatumia."

Alisema hivyo moja kwa moja, na mimi nilimwamini. Sufuria aliyokuwa akipikia ilikuwa yangu.

Waya ukafunguliwa. Vumbi lilikuwa limelala juu ya kila kitu, na panya walikuwa wamekula kitambaa cha rafu. Niliandika: sufuria ya miguu mitatu, kubwa. Sufuria ya miguu mitatu, ndogo. Sahani za bati kumi na moja. Vikombe vya bati tisa, kimoja kimetoboka na kuzibwa. Tatizo lilianzia hapo, kwenye kuzibwa. Katika miaka arobaini Baba Rudo alikuwa amekitengeneza kila kitu ndani ya jiko lile kwa vitu vya bandani. Kifuniko cha sufuria kilikuwa na kishikio cha kigurudumu cha uzi kutoka kiwandani. Karai lilikuwa na kiraka cha kibao cha namba ya gari.

"Kigurudumu hiki ni cha nani?" Tavengwa akauliza.

"Changu, baba."

"Basi king'oe. Sisi tunachukua vya shangazi tu."

Baba Rudo akaking'oa. Akang'oa na kiraka cha karai. Alipoanza kukwangua kikombe kilichozibwa, Sekesai alimshika mkono, akamgeukia kijana.

"Tavengwa, tukienda hivi tutarudi Gutu na matundu matupu. Acha kikombe."

Saa nne tulikuwa tumefika kwenye vijiko. Ndipo Sekesai akasimama katikati ya jiko, akatazama ukutani kwenye msumari mmoja mtupu.

"Mwiko mkubwa uko wapi?"

"Ulivunjika, mama mdogo," Rudo akajibu kutoka mlangoni. "Siku ya mkutano wa kanisa, wakati mama anakoroga sadza ya watu wengi."

"Ulivunjika, haya. Ukaenda wapi?"

Wote tuligeuka kutazama banda. Katika nyumba ile hakuna kilichowahi kuvunjika kikaenda mahali.

"Mama alimwambia Baba autie motoni," Rudo akasema taratibu. "Nakumbuka. Baba akasema itafaa."

Tukaanza kutafuta. Kila kilichokuwa bandani kilitolewa kikamwagwa uani, kopo kwa kopo, na jua lilikuwa kali. Baba Rudo alikaa juu ya kreti lililopinduliwa, aproni yake ya kazi kiunoni, akituonyesha kwa kidole: angalia nyuma ya tairi, angalia ndani ya redio. Mwanzoni alikuwa akieleza kila kitu kilitoka wapi. Baadaye akaacha kueleza. Majirani waliokuja kushuhudia walikuta vitu vyao walivyovitupa zamani, wakavitazama kama watu wanaokutana na mtu wanayemdai. Saa saba hivi, Rudo akalala kifudifudi chini ya meza ya kazi na kupiga kelele. Kipande bapa cha mwiko kilikuwa chini ya mguu mfupi wa meza, kimekaa hapo kuinyanyua isiyumbe.

Sekesai akakipokea, akakifuta kwa kanga yake. Mahali palipovunjika palikuwa na meno meno.

"Na mpini?"

"Kipande hiki hakitoshi?" Baba Rudo aliuliza. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekwisha kuchoka.

"Hakitoshi, shemeji, na nitakwambia kwa nini." Utani ulikuwa umemtoka usoni. "Mama yetu alimpa kila binti mwiko wake siku ya kuolewa. Mwishoni mwa mpini alikata alama kwa kisu, yeye mwenyewe. Wa dada mkubwa una alama moja. Wa Matirasa mbili. Wangu tatu. Hizo sahani ni za dukani, hata hizo sufuria ni za dukani. Mwiko ndio uliotoka kwetu."

"Bila mwiko mzima hatubebi kitu," Tavengwa akasema. "Tutafunga mlango. Tutarudi baada ya mavuno."

Baada ya mavuno maana yake ni mwezi wa tano. Rudo alitazama chini, akaanza kuokota misumari iliyomwagika, mmoja mmoja, akiirudisha ndani ya saa.

Mimi nilikuwa nikimtazama Baba Rudo. Mkono wake wa kulia ulikuwa ndani ya mfuko wa aproni, na niliona kidole gumba kikisogea chini ya kitambaa, mbele na nyuma, mbele na nyuma, kama kinachosoma kitu. Katika mfuko ule hukaa sindano yake ya viatu, ile nene ya kutobolea ngozi. Viatu vyangu vyote vimepita kwenye sindano hiyo. Nilikuwa nimeuona mpini wake mara nyingi, mti mweusi uliong'aa kwa jasho la mkono, wenye alama mbili mwishoni. Siku zote nilidhani alizikata yeye ili usiteleze.

"Mama Ngoni," Tavengwa akaniambia, "andika: mpini haupo."

Sikuandika. Nilishika kalamu tu. Alikuwa amesema mbele ya wote kwamba hajatumia chombo cha marehemu. Akinyamaza, jiko lingefungwa hadi mwezi wa tano na Rudo angeendelea kungoja. Akisema, yeye ni mwongo, tena mwongo aliyemtumikisha mkewe kaburini. Kosa hilo hulipwa kwa mbuzi, na aibu yake hufika Gutu kabla ya mbuzi.

Alitoa mkono mfukoni.

"Huu hapa."

Tavengwa aliipokea sindano kwa mikono miwili, akaigeuza, akahesabu alama kwa ukucha.

"Ulisema hujatumia."

"Nilisema vyombo, baba. Huu kwangu ulikuwa mpini. Nimeushika kila siku tangu afe. Leo asubuhi pia, nimeshona ndala ya Mama Ngoni. Sikumbuki lini ulikoma kuwa mwiko."

Katika Kiswahili changu cha utotoni, nilichokuja nacho kutoka kwetu, mwiko ni chombo na mwiko ni katazo. Watu wa Rimuka hawana neno la kubeba yote mawili, lakini siku ile sikumwona mtu ambaye hakuelewa.

Ni Sekesai aliyeanza kusema.

"Miaka arobaini alimpikia kwa huo, amefariki bado anamfanyia kazi. Haya, dada yangu, kweli uliolewa." Alitaka kucheka, kicheko hakikutoka. "Tavengwa, usimkemee mzee. Kama si tabia yake ya kuokota, tungekuwa tunatafuta majivu."

"Mbuzi atafuata," Tavengwa akasema.

"Atafuata, baba."

Baba Rudo akaomba sindano yake kidogo. Akaibana kwa koleo na kuivuta itoke kwenye mpini. Ilikataa, maana aliipigilia ikiwa ya moto na mti uliungua ndani. Ilipotoka alikuwa anahema. Akachukua kipande bapa na mpini, akavipanga meno kwa meno, akatafuta uani mpaka akapata waya wa shaba, akavifunga pamoja. Mizunguko minane, imebanana, hakuna uliopanda juu ya mwenzake. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake kiwandani, kuunga vilivyokatika bila mashine kujua.

"Asirudi kwao amevunjika," alisema, akampa kijana.

Tavengwa aliutazama mwiko kwa muda. Sidhani alikuwa na ubaya. Alikuwa amesimama mahali pa baba yake na aliogopa kukosea. Akaanza kuufungua waya, mzunguko kwa mzunguko, mpaka wa nane.

"Waya huu si wa shangazi, mkwe. Chukua."

Sekesai akachana ukingo wa kanga yake na kuvifunga vile vipande viwili kwa kitambaa hicho. Nikaandika: mwiko mmoja, alama mbili. Pikapu ikapakiwa na kuondoka kabla ya saa kumi.

Rudo aliingia jikoni na ufagio. Tulimsikia akifagia chumba kisicho na kitu, na nilidhani nimemsikia akiimba kidogo, ingawa alinyamaza upesi. Mimi nilimsogezea mzee ile ndoo ya mipini. Alijaribu mmoja wa bisibisi, ukawa mpana. Alijaribu wa pasi. Alijaribu wa tatu, kisha akaiweka sindano juu ya kreti, tupu kama ilivyokuwa.

"Utapata mmoja humo, Baba Rudo. Iko zaidi ya mia."

"Najua."

Alikuwa bado ameshika ule waya. Aliunyoosha kwa vidole, akauzungusha tena kwenye vidole viwili kama anavyofanya siku zote, akageuka kutafuta kopo la shaba. Lakini uani makopo yote yalikuwa yamemwagwa na kuchanganyika, na hakulipata. Akasimama pale muda mrefu, katikati ya vitu vyake. Mwishowe akautia waya kwenye mfuko wa aproni, mahali ilipokaa sindano. Sikumsikia akisema itafaa.