Nilimlipizia Mwanafunzi Aliyesema Hajaelewa

Kosa ni langu, na sitaki mtu anitafutie udhuru. Mimi ni mwalimu wa hisabati kwenye shule moja ya sekondari huku Serengeti.

Mwaka ule tuliletewa vishikwambi. Mwanafunzi asipoelewa anabonyeza tu, hasemi neno. Mwalimu ukiinua cha kwako ukalitazama darasa kupitia kamera, unaona alama juu ya kila kichwa: kijani ameelewa, nyekundu hajaelewa. Tuliwaahidi kwamba hakuna atakayeadhibiwa kwa nyekundu.

Siku moja mkuu wa shule aliingia nikifundisha vekta. Akachukua kishikwambi changu, akakiinua. Darasa zima jekundu.

"Mwalimu, kumbe unafundisha madawati?"

Wanafunzi wakacheka. Mpaka ofisini wenzangu walinicheka.

Nikadodosa, nikaambiwa Bhoke, binti mpole wa kidato cha nne, ndiye aliyewahimiza wenzake wabonyeze ukweli. Nikaapa atanitambua.

Kila kipindi nilimwita ubaoni. "Njoo, mkaguzi. Tufundishe." Akikosea, namwacha amesimama pale mpaka kengele. Nilimcheka hata anavyotamka, maana Kiswahili chake kina Kikurya kingi. Sidanganyi, nilisikia raha. Nilikuwa naamka asubuhi nikiwaza leo nimwaibishe vipi.

Wiki ya tatu nikainua kishikwambi: kijani kitupu. Hata Bhoke. Nikajiona nimeshinda.

Matokeo ya mtihani wa taifa yalipotoka, karibu darasa lote lilifeli hisabati. Bhoke hakuwa na matokeo hata ya somo moja. Alikuwa ameacha kuja shule mwezi mmoja kabla ya mtihani, na mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi kuona kiti chake hakina mtu. Alitaka kuwa nesi. Hilo nililisikia baadaye, kwa mama yake.

Majuzi nilimkuta Bhoke kijijini Natta, anafua mashuka ya kambi ya watalii.

"Shikamoo mwalimu," akasema, mikono imejaa povu.

Nikamwomba msamaha. Nikamwambia nitamsaidia ajiandikishe upya afanye mtihani. Alinisikiliza mpaka mwisho, hakunikatiza.

"Asante mwalimu. Lakini hisabati nitafundishwa na nani? Na wewe?"

Akainama, akaendelea kufua.

Walimu wenzangu, mtoto akikwambia hajaelewa, amekuamini. Ukimkomoa kwa hilo, atanyamaza, na darasa zima litanyamaza naye. Utasimama mbele yao ukidhani umeheshimiwa, kumbe wameshakukatia tamaa.