Timu ya Kanda Nzima

Kanda yetu ya elimu inaanzia kwenye mitaa ya pembeni mwa mji wa Kakamega, penye lami na nyumba za kupangisha, na inaishia ndani ya mashamba ya miwa upande wa kuelekea Butere. Shule zote ni za serikali. Mimi nilifundisha ile ya mwisho kabisa, ambayo miwa ikikomaa huwezi kuiona kutoka barabarani.

Mwaka huo nilikuwa na timu ya voliboli ya wasichana niliyoipenda kupita kiasi. Tulifika fainali ya kanda, tukapigwa vizuri sana na shule moja ya pale mjini, yenye jezi za manjano na wasichana warefu kama mikaratusi. Nilikuwa nakusanya vitu vyetu mwalimu wao aliponijia mbio, filimbi ikimrukaruka kifuani.

"Madam, unaenda wapi? Timu ya kanda tutaunda na nani?"

Kwa uchungu nilikuwa nimesahau. Kwetu, fainali ya kanda ikiisha, wachezaji bora wa shule zote hufanywa timu moja, ikaenda kucheza na kanda nyingine. Makocha tungekuwa mimi na yeye.

"Kuna mmoja wako lazima aje," akasema. "Yule mfupi."

Yule mfupi alikuwa mwanafunzi wangu wa gredi ya sita. Kazi yake uwanjani ilikuwa kuuinua mpira karibu na wavu ili mwenzake aruke na kuupiga. Jioni hiyo nilimsindikiza hadi kwa nyanya yake, aliyekuwa akichambua mboga mlangoni.

"Huyu huchezanga kweli, mwalimu?" nyanya akauliza. "Hapa nyumbani ukimtuma maji, anarusha mtungi juu na kuudaka. Nilidhani ni utundu."

"Kukhu, ni mazoezi," msichana akajitetea kwa nyanya yake.

"Basi nenda ukarushe huko. Mtungi wangu upumzike."

Mazoezi yalifanyika kwenye uwanja wa shule ya mjini. Siku ya kwanza wale wa manjano walisimama upande wao, wa shule nyingine upande mwingine, kana kwamba fainali haijaisha. Msichana wangu alipoitisha mpira, akasema "mpila", wakaangua kicheko. Mrefu kuliko wote, aliyetufunga pointi nyingi siku ile, ndiye aliyecheka zaidi.

Msichana wangu akamtazama kutoka chini hadi juu. "Wewe luka tu," akasema. "Nitakuletea."

Akauinua. Yule mrefu akaruka, nadhani kwa dharau tu, na alipofika juu akaukuta mpira unamngoja. Akaupiga ukagonga chini mbele yangu hadi nikarudi nyuma. Kicheko kikakatika.

"Rudia," mrefu akasema.

Walirudia hadi mwalimu mwenzangu akalazimika kuwanyang'anya mpira ili twende nyumbani. Njiani nilikuwa nacheka peke yangu.

Siku ya mashindano ilifika, uwanja umejaa, mahindi ya kuchoma yananukia kila upande. Tulifika fainali. Hapo mwenzangu akaingiwa na hofu. Aliwaona wapinzani walivyo warefu, akamweka msichana wangu nje. Tukapoteza seti ya kwanza.

"Mwingize," nikamwambia.

"Madam, wavu uko juu yake kabisa."

"Kwani anapiga? Yeye anainua! Mwingize!"

Sijui kama alikubali au aliniogopa tu, maana nilikuwa nimemshika shati. Msichana akaingia. Mpira wa kwanza akauinua, mrefu akaupiga, pointi. Wa pili, pointi. Watoto wa shule ya mjini walioketi kando ya uwanja wakaanza kuimba kila alipogusa mpira, "Luka! Luka!", na safari hii hawakuwa wakimcheka. Watoto wetu wa kwenye miwa wakadakia. Upande mzima ukawa sauti moja. Tukachukua seti ya pili, na katika ya tatu pointi zilienda sako kwa bako hadi nikashindwa kutazama. Nilifumba macho, nikasikia mpira umegonga chini, kisha kishindo cha watu, na mwalimu mwenzangu akaniinua mzimamzima na uzito wangu huu.

"Tumeshinda! Madam, tumeshinda!"

Nilipofumbua macho, sikumwona msichana wangu. Alikuwa chini ya rundo la wale wa manjano, na aliyekuwa juu yake kabisa ni yule mrefu, analia na kucheka. Wote wawili waliitwa kwenye timu ya kwenda mashindano ya kaunti nzima, na msichana wangu akaniuliza kama huko nako kuna watu warefu. Nikamwambia wapo. Akafurahi sana.

Kesho yake niliingia darasani sauti imenikauka kabisa. Nikaandika ubaoni somo la hesabu za sehemu, lakini hakuna aliyefungua daftari.

"Madam, tuambie kwanza ile pointi ya mwisho ilipigwaje."

Nikaweka chaki chini. Nikawaashiria wasogee karibu, wakajibana mbele, na nikaanza kuwasimulia kwa kunong'ona, kana kwamba sikuwa nimefumba macho.