Shahidi wa Bonde la Pili

Ule mlima wenye msitu umekaa katikati ya mabonde mawili, na kila bonde linauita kwa jina lake. Watu wa mashariki wanauita Kizibo, maana unawazibia jua mapema alasiri. Wa magharibi wanauita Mlezi, kwa kuwa maji yao yote yanatoka kwake. Haya nimeyajua uzeeni. Ramani ya huko niliichora mimi nikiwa kijana, na niliandika Kizibo peke yake.

Fomu ya majina ilitaka shahidi mmoja kila bonde. Mashariki nilimpata seremala, akanipa kiti na maneno mengi. Kuvuka msitu kwenda magharibi kulitaka siku nzima ya matope, nami nilikuwa mvivu. Sijitetei, mvivu hasa. Nikajaza palepale kwa seremala, nikimweka mama ambaye yeye alinitajia tu: "Mama mwenye shamba la chemchemini anasema jina ni Kizibo." Wino nilikuwa nao, nikabandika dole gumba langu mahali pa lake. Bosi alinisifu kwa kuwahi, nikavimba kichwa.

Wiki iliyopita, mwezi mmoja kabla sijastaafu, bibi mmoja alikuja kaunta ya ofisi yetu ya ramani na nakala ya fomu ile. Ilikuwa imekunjwa mpaka mikunjo imechanika.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Huyu shahidi wa pili ni nani?"

"Kwani kuna nini, mama?"

"Shamba la chemchemini lilikuwa la dada yangu. Ramani ilipokuja na karatasi hii, watu wakasema kauza jina letu kwa majirani. Akaapa hajaonana na mtu wa ramani hata siku moja. Tukamwambia, kidole hakidanganyi. Tukamsusa, na wa kwanza mimi."

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa imefika miaka thelathini na mitatu. Na bado nilifungua mdomo nimwambie mafaili ya zamani yameliwa na mchwa! Nilijionea aibu mpaka masikio yakawaka.

"Kidole ni changu, mama," nikasema. "Sikufika kwenu. Dada yako hakusema neno lolote. Nipeleke kwake, nikampigie magoti mbele ya watu wote."

Alinitazama, kisha akaanza kuikunja karatasi yake taratibu.

"Mwaka juzi alizidiwa na ugonjwa uliomuua, akatuma mtu aniite," akasema. "Sikwenda."