Paka wa Nasambu na Mahindi Yaliyokataliwa

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, magunia bado yamefungwa, Nasambu amechuchumaa ndani ya kibanda chake cha nafaka huko Lindi, Kibera. Anasaga kidonge kwa kijiko, anakificha ndani ya omena, wale dagaa wa ziwani, iliyochemshwa, kisha anambembeleza mzee mmoja wa kijivu mwenye sikio lililopasuka.

"Kula, baba. Kula kidogo tu, alafu tufungue kazi."

Mzee huyo ni paka. Anaitwa Karani, kwa sababu kwa miaka tisa amekaa kando ya gorogoro, ule mkebe wa kupimia, akitazama kila pimo kana kwamba ataliandika mahali. Wateja humsalimia kabla ya mwenye duka. Panya wa Lindi nao wanamjua, ila si kwa wema.

Nasambu, 47, alimwokota mwaka aliofiwa na mumewe. Karani alikuwa mdogo wa kutoshea ndani ya gorogoro hilohilo. Mama huyu anakiri bila haya kwamba paka huyo ndiye aliyempa sababu ya kufungua duka siku ambazo hakutaka hata kuamka.

Kila siku humwaga mahindi juu ya gunia na kuyachagua kwa mkono. Mazuri huenda gunia la mbele. Yaliyoota ukungu huyaweka kando.

"Siwezi uzia mtu kitu imeoza," anasema. "Ata mtoto akitumwa, nampea ile poa."

Lakini kutupa nako hakukuwezekana, maana ni hasara. Mengine aliwauzia wafugaji wa kuku, mengine akayapeleka kwenye posho mill, akasaga, na kwa miaka akampikia Karani ugali. Majirani walimcheka kwa kumdekeza paka hivyo.

Mwezi Machi Karani akaacha kula. Siku ya tatu masikio yake yalikuwa ya manjano kwa ndani. Shivachi, seremala wa kibanda cha pili, alimshauri atafute mwingine, maana paka wamejaa Kibera. Nasambu alimtia Karani kikapuni, akapanda boda hadi kituo cha Kawangware 56 kwa Naftaly, daktari wa mifugo aliyezoea zaidi ng'ombe na kuku.

Damu ikapimwa. Ini likiumia, Naftaly alimweleza, vimeng'enya vyake huvuja na kuingia kwenye damu. Kimoja ambacho kwa paka mwenye afya hakipiti mia hivi, kwa Karani kilikuwa 412. Kisha akauliza mgonjwa anakula nini.

Nasambu alijibu kwa fahari kwamba ni ugali, wa kupikwa, kila siku.

"Ugali ya unga gani, mama?"

Hapo alimweleza kuhusu mahindi yaliyoota ukungu. Daktari alieleza taratibu kwamba ukungu wa mahindi huwa na sumukuvu, kwamba moto wa jiko hauiondoi, na kwamba ini ndilo huumia. Hakuweza kuapa kuwa hiyo ndiyo sababu pekee, lakini unga huo ulipaswa kukoma siku hiyohiyo.

"Nililia kwa boda mpaka hapa. Nilikuwa namuua, na nilikuwa namuua na mapenzi."

Tangu hapo ni kidonge kila asubuhi na chakula kidogo kidogo mara tano kwa siku, kwani paka mwenye ini bovu akikaa na njaa hudhoofika upesi. Kila kipimo cha damu humla mapato ya siku nne. Mahindi mabovu sasa anayafukia shimoni, wafugaji wa kuku wanune wapendavyo. Na Karani akigoma kula, anayeacha randa yake kuja kumshika miguu ili alishwe kwa bomba la sindano ni Shivachi yuleyule.

Kipimo cha pili kilisoma 230. Cha tatu, 140. Cha nne ni Ijumaa, na Nasambu anaomba kisome chini ya mia. Baada ya hapo ana mpango wa kununua kifaa cha kupima unyevu wa mahindi, ayapime kabla hayajashushwa kwenye lori, maana unyevu ndio huleta ukungu.

Kwa sasa omena nyingine inachemka. Anapakua ya Karani kwanza, kisha ndipo anatia chumvi na kitunguu kwenye yake.

"Zamani nilikuwa nampea yenye tumekataa," anasema, akipuliza sahani ipoe. "Siku hizi yeye ndio anapakuliwa wa kwanza. Mimi nangoja."