Kaka yangu alituamuru tuache maji, mume wangu akafungwa kwa ajili ya ukuta

Ninyi msomao ukurasa huu, anayewaandikia ni mwanamke wa miaka hamsini na minane, mkaaji wa Kalemie. Nilifundisha shule ya msingi tangu usichana wangu hadi nilipostaafu mwaka jana. Nimeomba jina langu lifichwe. Huenda watu wa hapa wakanitambua, lakini nimefika mahali ambapo aibu haina nguvu tena. Mume wangu amefungwa, na anayeweza kumtoa ni mimi peke yangu. Nikimtoa, ninampoteza kaka yangu na kuivunja ndoa ya binti yangu.

Mume wangu ni fundi mwashi. Karibu na bandari kuna jengo la matofali na mawe, la tangu wakati wa Wabelgiji, lililokuwa jeusi kwa moshi wa garimoshi na wa meli. Tuliambiwa kwamba mgeni mkubwa anakuja, na kwamba jengo hilo lazima ling'ae. Mume wangu akapewa madumu ya asidi. Aliikubali kazi kwa sharti moja tu, nalo ni maji mengi. Alinieleza kwamba ukuta huloweshwa kwanza, ushibe, usije ukainywa asidi. Kisha asidi iliyopunguzwa makali hupakwa kwa burashi, na kabla haijakauka huoshwa kwa maji tele. Ikikaukia ukutani, huila chokaa iliyoshika matofali, na mawe hubaki na madoa yasiyotoka.

Mabomba ya mji yalikuwa makavu. Kaka yangu mkubwa, ambaye mimi humwita Yaya, ndiye kiongozi wa salongo katika mtaa wetu, ile kazi ya lazima ya kila Jumamosi. Akawaamuru wanawake wateke maji ziwani, nami akaniweka mbele ya mstari wao. Tulianza kwa furaha. Mume wangu alikuwa juu ya ngazi akimwaga ndoo baada ya ndoo, na jirani yangu akamtania:

"Papa fundi, huu ukuta wako unakunywa kuliko bwana yangu!"

"Bwana yako akikunywa analala," akajibu. "Huu ukikosa maji unakufa. Leteni, mama zangu!"

Yeye na wenzake wawili walikuwa wamekwisha kupaka asidi kuzunguka mlango mkubwa, penye mawe yaliyochongwa, tuliposikia honi ya treni ya Kabalo. Treni hiyo, ambayo sisi sote tuliitazamia kesho yake kama kawaida yake, siku hiyo ilifika mapema, nayo iliwaleta wajumbe wa mgeni. Yaya akaja mbio, abakosti yake, lile vazi la viongozi, imelowa jasho.

"Acheni ndoo! Wote gare, mbio! Wajumbe wanashuka na hakuna hata muntu mumoja wa kuwaimbia!"

"Yaya, dawa iko ukutani," nikamwambia. "Tuache tuioshe kwanza."

"Mwalimu, ukuta njo utawaimbia wageni? Unataka waseme mutaa wangu umekataa kuwapokea?"

Wanawake wakanitazama. Nikaitua ndoo yangu, nao wakazitua zao. Nyuma yangu nilimsikia mume wangu akiita, "Mama, maji! Mama!" Tulicheza na kuimba pale gare, kwenye stesheni ya treni, mpaka sauti zikatukauka.

Tuliporudi pamoja na wajumbe, mawe ya mlango yalikuwa na madoa ya manjano, na chokaa ilimwagika kama unga ukiigusa kwa kidole. Mume wangu alikuwa ameketi chini. Kwa kukosa maji ya kutosha, alikuwa ameifuta asidi kwa matambara, na ngozi ya viganja vyake ilikuwa imechubuka. Mkubwa wa wajumbe akauliza ni nani aliyeharibu. Kabla mtu yeyote hajafungua kinywa, Yaya akajibu: "Ni fundi. Alizidisha makali ya dawa." Wakaiita hujuma, wakamchukua palepale.

Mwisho wa mwezi ujao kutakuwa na baraza, nami nitaitwa, kwa kuwa ndimi niliyekuwa mbele ya mstari wa maji. Wanawake wenzangu wameniambia, "Mwalimu, wewe sema kwanza, sisi tutaitika." Lakini Yaya alikuja nyumbani akalia mbele yangu, mzee mzima.

"Dada yangu, sema tu maji yalifika. Shemeji ni fundi, watamufunga kidogo, atatoka. Miye nimevaa nguo yao. Wataniua."

Alipoona simwahidi, akayafuta machozi. "Basi ukinitaja, nitaondoa mukono wangu juu ya watoto wako."

Asiye wa kwetu hawezi kujua uzito wa neno hilo. Katika ukoo wetu watoto ni wa mjomba. Binti yangu ameposwa na watu wa Moba, na bila Yaya hakuna atakayewapokea wala kumtoa nyumbani.

Nilimpelekea mume wangu chakula. Hawezi kukunja vidole. Nilimlisha matonge ya bukari kama mtoto mchanga. Akasema, "Usimutaje. Mutoto aolewe kwanza. Miye nitavumilia." Lakini mikono yake imeanza kutoa harufu, na askari mmoja alinidokeza kwamba baraza likimtia hatiani, atapelekwa gereza la mbali. Katika hali hiyo hatafika.

Nilimweleza binti yangu yote. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniambia, "Mama, mume mwingine nitapata. Papa mwingine utanipatia wapi?" Baba anataka ninyamaze kwa ajili ya binti, na binti anataka niseme kwa ajili ya baba. Yaya naye ndiye aliyenibeba mgongoni mama yetu alipofariki.

Silali, sili, na sala zangu hazimalizi sentensi. Ninyi mlio na kaka, na ninyi mlio na waume, nishikeni mkono: siku nitakapoambiwa nisimame mbele ya baraza, nitamke neno gani?